Tandemu au baiskeli mbili? Kwa wawili wanaotaka kunyonga pamoja miaka mingi

Mume na mke wanaopenda baiskeli wana uamuzi wa kufanya dukani kabla hawajafika barabarani. Wanunue baiskeli mbili, kila mtu na yake? Au wachukue tandemu, ile baiskeli ndefu yenye siti mbili, ambayo usukani wake wa kugeuzia ni mmoja tu na jozi zake mbili za pedeli zimeunganishwa kwa cheni? Mimi na mume wangu tunaishi Bristol, Uingereza, na tumezitumia zote mbili kwa miaka, hapa mjini na kwenye likizo za bara Ulaya. Mimi hukaa nyuma. Kwa upande wangu tandemu ndiyo iliyoshinda, lakini haimfai kila mtu, na nitasema wazi pale ambapo baiskeli mbili ni bora.

Msomaji wa nyumbani, Afrika Mashariki, aelewe jambo moja kwanza. Kwetu mtu wa pili kwenye baiskeli ni wa keria: anakaa, anashikilia siti, anabebwa. Wa nyuma kwenye tandemu habebwi. Ananyonga tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na kwenye mwinuko akilegeza miguu kidogo tu, wa mbele anajua papo hapo. Hapa Uingereza wapita njia hupenda kumpigia kelele wa mbele kwamba mwenzake wa nyuma hafanyi kazi. Wanakosea, na ukishatoka jasho kupanda mlima mzima maneno hayo yanachosha.

Nguvu zisizolingana

Hapa ndipo ningeanzia kama ningekuwa nachagua leo, kwa sababu jambo hili ndilo huamua kama wawili wataendelea kutoka pamoja baada ya mwaka wa kwanza.

Chukua watu wawili ambao mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Wakiwa kwenye baiskeli mbili, mwenye nguvu anatangulia bila hata kukusudia. Anafika juu ya mlima, anasimama, anakunywa maji, anapumua. Mwenzake anafika amechoka, na kwa wakati huo yule wa kwanza amekwisha kupumzika, yuko tayari kuondoka. Kwa hiyo anayehitaji mapumziko zaidi ndiye anayeyapata kidogo. Mchana kutwa mmoja anajizuia na mwingine anajikaza, na jioni wote wawili wana kinyongo ambacho hakuna aliyekitafuta. Nimeona wenzi wengi wakiacha kutoka pamoja kwa sababu hii, na baiskeli ya mmoja ikabaki kukusanya vumbi.

Tandemu inaliondoa tatizo hilo kwa namna inavyoundwa. Cheni ya kuunganisha, ambayo kwa kawaida hupita upande wa kushoto, inalazimisha miguu ya wote wawili izunguke kwa kasi moja. Lakini haiwalazimishi wasukume kwa nguvu moja. Mmoja anaweza kutoa wati 200 na mwingine 100, na jumla ndiyo inayoendesha gurudumu. Kila mtu anatoa alichonacho, na wanafika juu ya mlima kwa sekunde ile ile, wamechoka kwa kiasi kinachofanana. Hakuna wa kusubiri, hakuna wa kuomba radhi.

Gharama yake ni mwendo wa miguu. Kuna wanaopenda gia nyepesi na miguu ya haraka, na kuna wanaopenda gia nzito na mwendo wa pole. Kwenye tandemu ya kawaida lazima mkutane katikati, na mmoja akiacha kunyonga, mwingine naye anaacha. Kampuni ya da Vinci ya Colorado, Marekani, imetengeneza tandemu ambazo kila mmoja anaweza kupumzisha miguu peke yake, lakini ni ghali. Wengi wetu tunajifunza kukubaliana tu. Ilichukua muda mume wangu kupunguza uzito wa gia zake, na mimi kuongeza mwendo wangu, na sasa hakuna anayekumbuka kwamba tuliwahi kutofautiana.

Kama nguvu zenu zinalingana tayari, faida hii haipo, na hapo baiskeli mbili zina hoja nzito.

Mazungumzo

Kwenye baiskeli mbili unazungumza pale barabara inaporuhusu kwenda bega kwa bega. Gari likija, mmoja anarudi nyuma na sentensi inakatika. Upepo ukivuma hamsikilizani. Safari ya saa tatu inaweza kuwa na mazungumzo ya dakika ishirini, na mengi ya hayo ni "ngoja" na "kushoto hapa".

Kwenye tandemu kinywa cha wa nyuma kiko karibu na mgongo wa mwenzake. Unaongea kwa sauti ya kawaida. Wa mbele anahitaji kupaza kidogo kwa sababu upepo unabeba sauti yake, lakini anasikika. Njia yetu ya kawaida ni ile ya Bristol hadi Bath, kilomita kama 21 juu ya njia ya zamani ya reli, isiyo na magari, yenye handaki pale Staple Hill na mkahawa kwenye kituo cha treni cha Bitton. Pale kuna mambo tumeyamaliza ambayo mezani yalikuwa yanatushinda: fedha za kutuma nyumbani, shule ya mtoto, maneno ya mashemeji. Nadhani inasaidia kwamba hamtazamani usoni. Mnatazama mbele wote, miguu inafanya kazi, na ukimya wa dakika tano haumtishi mtu. Jambo zito linaweza kutupwa hewani, likaachwa, likarudiwa kilomita mbili mbele.

Na wa nyuma ana mikono huru. Usukani wake haugeuzi chochote, ni wa kushikilia tu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemenya chungwa na kulipitisha mbele kipande kwa kipande, ndiye mpiga picha, ndiye msoma ramani, ndiye anayenyoosha mkono kuonyesha tunakokata kona. Naitazama nchi kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye peke yake kwenye baiskeli, kwa sababu sina haja ya kukodolea macho lami. Nimeona kulungu wengi wakati mume wangu akikwepa mashimo.

Kama kuna sababu moja ya kuchagua tandemu kwa miaka mingi, kwangu ni hii. Mazoezi mnaweza kuyapata popote. Saa tatu za kuwa pamoja bila simu, bila televisheni, bila mtu kuingia sebuleni, ni adimu.

Nani anashika breki

Sasa upande mgumu. Wa nyuma haoni barabara iliyo mbele moja kwa moja, anaona mgongo. Kwa kawaida hana breki wala gia. Amekabidhi mwili wake kwa mtu mwingine kwenye mteremko wa kilomita 50 au 60 kwa saa. Kwa wengine hilo halivumiliki, na hakuna ubaya. Mtu ambaye hawezi kutulia kwenye gari akiendeshwa na mwenzi wake asidhani tandemu itamtuliza.

Kinachofanya ukabidhi huo uwezekane ni maneno. Wa mbele lazima aseme kila kitu kabla hakijatokea: "shimo", "tuta", "nabadilisha gia", "tunapunguza", "tunasimama". Shimo lisilotangazwa, wa mbele hulipokea kwa mikono na magoti yaliyokunjwa tayari. Wa nyuma hulipokea kwa uti wa mgongo. Ndiyo maana tandemu nyingi za safari hufungwa nguzo ya siti yenye springi kwa wa nyuma, nami nasema kifaa hicho si anasa.

Kuondoka pia kuna utaratibu wake. Wa mbele anasimama ameitanulia miguu baiskeli, breki zote mbili zimeshikwa, imara kabisa. Wa nyuma anapanda, anakaa, anaweka miguu yote miwili kwenye pedeli na kuzizungusha hadi zikae pale mwenzake anapozitaka. Halafu mnahesabu na kuondoka pamoja. Kwenye kusimama ni hivyo hivyo kinyumenyume: wa mbele anashusha mguu, wa nyuma anabaki ametulia mpaka aambiwe. Wanaoanza huanguka kwa sababu wa nyuma anajaribu kusaidia kwa kushusha mguu wake. Anapojifunza kutofanya chochote, baiskeli inatulia.

Kuna usemi wanaoupenda waendeshaji wa tandemu, kwamba popote ndoa yenu inapoelekea, kwa tandemu mtafika haraka zaidi. Mimi siukubali wote. Tandemu inafichua haraka kama mnasikilizana, hilo ni kweli. Lakini pia inafundisha kusikilizana, kwa sababu kosa linasikika mwilini papo hapo na marekebisho ni mepesi: neno moja, "tuta". Nimemwona mume wangu akibeba tabia hiyo hadi nyumbani. Siku hizi husema anachotaka kufanya kabla hajakifanya.

Kasi, milima na miteremko

Kwenye tambarare tandemu ni ya haraka kuliko baiskeli mbili, na sababu yake ni upepo. Mtu anapokwenda kilomita 25 kwa saa na zaidi, sehemu kubwa ya nguvu zake inatumika kuisukuma hewa. Wa nyuma amekaa kwenye kivuli cha wa mbele, kwa hiyo nguvu za watu wawili zinapambana na hewa ya zaidi kidogo tu ya mtu mmoja. Upepo wa mbele, ambao huwavunja moyo wawili wanaokwenda kila mtu kivyake, kwenye tandemu ni usumbufu mdogo.

Mlimani faida hiyo inapotea. Mwendo ni mdogo, hewa si kitu, uzito ndio kila kitu, na uzito wa wawili unabebwa na nguvu za wawili vile vile. Kuinuka kwenye siti na kunyonga mmesimama kunataka mazoea. Wengi hupanda mlima wakiwa wamekaa, taratibu, na baiskeli moja nyepesi itawapita. Kwa kuwa mnasimama mara chache, makalio nayo yanaumia zaidi, hivyo mkubaliane kuinuka kila baada ya muda hata kama hakuna mlima.

Kwenye mteremko uzito ule ule unageuka kuwa kasi, na breki zinapaswa kuwa za tandemu kweli. Kilo 150 za watu na mizigo kwenye magurudumu mawili zinaweza kupasha rimu joto hadi mpira upasuke mkishika breki mfululizo kwenye mlima mrefu. Tandemu za zamani za safari zilifungwa breki ya tatu, ya ngoma, kwa kazi hiyo tu. Za sasa nyingi zina diski za milimita 203. Mkinunua iliyotumika, swali la breki litangulie swali la rangi. Magurudumu pia: spoki 36 au 40, si zile chache za baiskeli ya mashindano.

Pale baiskeli mbili zinaposhinda

Uhuru. Baiskeli mbili zinamruhusu mmoja aende sokoni na mwingine kazini. Zinamruhusu mmoja alale Jumapili asubuhi na mwingine atoke. Tandemu bila mwenzi ni mzigo mrefu ukumbini. Wenye ratiba zisizokutana wataitazama zaidi ya kuipanda.

Nafasi nayo. Tandemu ina urefu wa mita 2.4 hivi, haiingii kwenye lifti ya kawaida, na kwenye ngazi za ghorofa ni mateso. Hugeuka kwa duara pana, na vile vizuizi vya chuma vya kupinda walivyoviweka Waingereza kwenye njia nyingi za baiskeli ili kuzuia pikipiki huwalazimu wawili washuke na kuiinua. Treni nyingi za Ulaya huzikataa tandemu au huweka masharti, hivyo uliza kabla ya kukata tiketi. Zipo zenye viungo vya chuma kwenye fremu zinazogawanyika na kuingia kwenye masanduku ya ndege, lakini viungo hivyo vinapandisha bei sana.

Mizigo ni hesabu rahisi ambayo watu huisahau: baiskeli mbili zina nafasi ya mifuko minane ya pembeni, tandemu ina minne, na wanaokula na kulala ni wawili pale pale. Mtabeba kidogo au mtavuta tela.

Fedha: tandemu nzuri mpya ya safari ni pauni elfu kadhaa, mara nyingi sawa na baiskeli mbili nzuri au zaidi. Zilizotumika ndizo za kutazama, kwa sababu wengine hununua kwa shauku wakaacha. Uingereza kuna Tandem Club, chama kilichopo tangu 1971, na wanachama wake huuziana na kushauriana bila hiana.

Miaka ikisonga

Wengi huchagua kwa miili waliyonayo leo. Mimi ningeomba wafikirie miili ya baada ya miaka ishirini, kwa sababu tofauti ya nguvu kati ya wenzi mara nyingi huongezeka. Goti la mmoja, moyo wa mwingine, macho. Kwenye baiskeli mbili siku hiyo ndiyo mwisho wa kutoka pamoja, isipokuwa mmoja afungiwe mota. Kwenye tandemu mnarekebisha mgawo wa kazi tu.

Wenye ulemavu wa macho wanalijua hili zamani. Kwenye michezo ya Paralimpiki hushindana kwa tandemu, mbele akiwa mwenzao anayeona. Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza macho kwenye mlipuko wa bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998, aliliendesha bara letu kutoka Cairo hadi Cape Town akiwa siti ya nyuma. Nikisikia mtu akisema siti ya nyuma ni ya mnyonge, humtaja yeye.

Kuna la hospitali pia. Mwaka 2003 mtafiti Jay Alberts wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani, aliendesha tandemu kuvuka jimbo la Iowa na rafiki yake mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mwili na kuufanya mzito, na mwandiko wa rafiki huyo ukawa bora baada ya siku za kunyonga kwa mwendo wa haraka kuliko ambao angeuchagua mwenyewe. Mwaka 2009 Alberts na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa waliofanyishwa mazoezi kwenye tandemu isiyosogea kwa wiki nane: waliolazimishwa mwendo wa haraka na mwenzao walipata nafuu ya dalili za mwili, kipimo chao kikiimarika kwa asilimia 35. Wagonjwa walikuwa wachache, na sisemi tandemu ni dawa. Ila cheni ile ile iliyoniudhi mwanzoni kwa kuniharakisha miguu inaweza siku moja kuwa msaada kwa mmoja wetu.

Kwa wenye shida ya mizani au mgongo, itazameni Pino ya kampuni ya Hase ya Ujerumani. Wa mbele amelala kidogo kwenye kiti kipana, miguu ikitangulia, na wa nyuma ndiye anayeshika usukani akiona juu ya kichwa cha mwenzake. Wote wawili wanaona njia, vichwa viko karibu, na wa mbele anaweza kuacha kunyonga wakati mwenzake anaendelea. Mtu asiyevumilia kutazama mgongo saa zote ataipenda.

Na mkidhani tandemu ni ya matembezi tu, wenzi wawili Waingereza, Laura na Stevie Massey-Pugh, waliizunguka dunia kwa tandemu mwaka 2022 kwa siku 180. Mume na mke, siti mbili, karibu kilomita 29,000.

Mkitaka kuipeleka nyumbani

Kwa Kenya na Tanzania mimi ningechagua baiskeli mbili, isipokuwa mmoja haoni au hawezi kuendesha peke yake. Barabara kuu nyingi hazina nafasi ya kutosha pembeni, na kukwepa lori ghafla kwa baiskeli ya mita 2.4 si jambo la kujaribu. Kwenye njia za vumbi kama za Hell's Gate, Naivasha, kila mtu na usukani wake ni raha zaidi: pundamilia wakivuka, kila mmoja anasimama atakapo. Mkiamua kuibeba hata hivyo, chukueni yenye magurudumu ya inchi 26, ambayo mpira wake fundi wa mji mdogo anaweza kuwa nao. Bebeni spoki za akiba na pedi za breki. Cheni haitawasumbua: ile ya kuunganisha hutengenezwa kwa cheni za kawaida zilizoungwa.

Kabla ya kununua

Kodini kwanza. Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna njia ya Camel Trail: sehemu yake kati ya Wadebridge na Padstow ni tambarare, haina magari, ina urefu wa kilomita kama 9, na maduka ya pale hukodisha tandemu. Msihukumu kwa nusu saa ya kwanza, ambayo kwa kila mtu ni ya kuyumba. Endeni siku nzima. Mkipata baiskeli inayowatosha wote wawili, badilishaneni siti angalau mara moja, ili wa mbele aonje kutoona shimo.

Kisha mwachieni wa nyuma neno la mwisho. Yeye ndiye anayekabidhi zaidi, na akiridhika yeye safari zitakuwepo. Akisema hapana, nunueni baiskeli mbili bila kinyongo, na mwenye nguvu akubali kukaa nyuma ya mwenzake milimani. Akisema ndiyo, pimeni nafasi kati ya siti mbili, kwa sababu tandemu nyingi za zamani zimembana sana wa nyuma. Usukani wake usiwe unagusana na makalio ya mwenzake. Na kila mmoja aende dukani na siti yake mwenyewe aliyoizoea, fundi aifunge kabla hamjalipa.